Kokoto za Igogo nazo ni madini

Ukitaja madini jijini Mwanza, mazungumzo yanakimbilia dhahabu, na hakuna wa kulaumiwa. Geita iko ng'ambo ya maji, Bulyanhulu si mbali, na Juni 2021 kilizinduliwa hapa hapa jijini, Ilemela, kiwanda cha kusafisha dhahabu chenye uwezo wa kilo 480 kwa siku. Lakini Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haiishii kwenye dhahabu. Inalitambua pia kundi la madini ujenzi: mawe, kokoto, mchanga, udongo. Kwa maana hiyo majabali ya Igogo, yale yaliyobeba nyumba juu ya barabara ya Kenyatta, ni madini kamili. Ni mali ya umma, na tangu marekebisho ya mwaka 2017 Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anayeyapasua ili auze ni mchimbaji, hata kama hakuna anayemwita hivyo.

Tumtazame huyo mchimbaji. Katika vilima vya Mwanza jiwe kubwa huchomwa kwanza. Moto unakokwa juu yake mpaka lipate nyufa, kisha mtaimbo, tindo na nyundo vinamalizia. Vipande vinashushwa hadi chini ya turubai, na hapo mara nyingi anayekaa ni mama, kipande kimoja mkononi na nyundo ndogo katika mkono wa pili, anagonga tangu asubuhi. Anauza kwa ndoo. Lori likifika, ndoo zinahesabiwa mpaka tripu itimie. Vumbi la granaiti lina silika, na silika ikivutwa kwa miaka huacha makovu yasiyoponyeka kwenye mapafu. Barakoa ni nadra, na mtoto mchanga mara nyingine yuko mgongoni.

Sheria inamtaka mtu huyu awe na leseni ya uchimbaji mdogo. Leseni hiyo ni ya Watanzania, hudumu miaka 7, na eneo lake hupimwa kwa hekta na kuchorwa kwenye ramani. Sehemu ya yule mama haizidi ukubwa wa chumba. Kisha kuna mrabaha wa asilimia 3 ya thamani ya mzigo. Kiwango hicho sikioni kuwa kikubwa, na sina ugomvi na serikali kudai chake. Ugomvi wangu uko kwenye mpangilio. Stakabadhi inamfuata mwenye leseni na lori lake. Aliyegonga hana jina popote. Lakini mnunuzi akipiga hesabu zake, mafuta, ushuru na mrabaha hutangulia, na kinachosalia ndicho kinachokuwa bei ya ndoo. Mama amechangia hazina ya taifa, ila hana karatasi ya kumpeleka benki wala ya kumtetea siku akifukuzwa mlimani.

Kinachonisumbua zaidi ni kifungu cha 95. Kinakataza kuchimba ndani ya mita 200 kutoka kwenye nyumba ya watu, isipokuwa kwa idhini ya maandishi ya mkaaji halali. Kwa mgodi wa porini hilo ni jambo la busara. Pandeni Igogo mkatafute mahali palipo mita 200 kutoka nyumba yoyote. Hapapo. Kwa hiyo kila kitu kinategemea idhini ya mkaaji halali, na makazi ya milimani yalijengwa bila kupimwa. Urasimishaji umekuja baadaye, nyumba zikiwa zimeshajaa. Jirani asiye na hati wala leseni ya makazi, saini yake ina uzito gani mbele ya ofisa? Hapo sheria inamwacha kila mtu kwenye kosa, mpasuaji na jirani yake, na mtu aliye kwenye kosa kila siku ni rahisi kumtisha na kumtoza bila risiti.

Wapo wanaosema dawa ni kuwasamehe kabisa: mawe ni ya Mungu, waacheni maskini wale. Nawaelewa, lakini siungani nao. Jabali la Igogo limeshikiliwa na mawe madogo na udongo ulio chini yake. Ukiondoa tegemeo upande wa bondeni, mvua kubwa moja inatosha kuliporomosha, na nyumba ya chini si ya tajiri, ni ya mpasuaji mwenzake. Mlima wenye watu wengi namna hii unahitaji ukaguzi zaidi ya machimbo ya porini. Kuwatoa watu hawa kwenye sheria ni kuwanyima hata ulinzi huo mdogo.

Somo lipo kwenye dhahabu yenyewe. Januari 2019, kwenye kivuko cha Kigongo wilayani Misungwi, zilikamatwa zaidi ya kilo 300 za dhahabu ya magendo, na askari polisi waliohusishwa nayo wakafikishwa mahakamani. Wakati ule mchimbaji mdogo alikabiliwa na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, hivyo njia ya panya ilikuwa na faida. Serikali ilifanya jambo la maana: mwaka huo huo iliziondoa kodi hizo mbili kwa wachimbaji wadogo, na Machi 2019 soko la kwanza la madini likafunguliwa Geita. Mwenye gramu chache akapata mizani, bei iliyotangazwa na risiti yenye jina lake. Utii ukawa na faida kuliko ukwepaji.

Kokoto zinastahili utaratibu wa namna hiyo. Leseni itolewe kwa kikundi, kwa maeneo ambayo mtaalamu wa miamba ameyapitia na kuyawekea alama: hapa pasua, hapa usiguse. Kuwe na kituo kimoja kando ya barabara chenye kipimo kinachojulikana, mrabaha ukatwe pale mbele ya muuzaji na risiti ibebe jina la kikundi. Fedha za kuanzia zipo: halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mashine ya kusaga mawe iliyowekwa mbali na nyumba, yenye maji ya kuzima vumbi, ni mradi unaolipa mkopo wake katika mji unaojenga kila uchao. Mwanza yenyewe imejenga barabara za mawe vilimani. Mawe hayo yaliyopasuliwa na wakazi wa vilima hivyo hivyo yangestahili kununuliwa kwao kwa mkataba.

Tume ya Madini inasimamia leseni, Jiji linasimamia makazi, na katikati ya ofisi hizo mbili mpasuaji anapotea. Naziomba zikae pamoja na viongozi wa mitaa ya Igogo, zikague mteremko na kuwaandikisha wote wanaoishi kwa nyundo, kabla mvua za vuli hazijaanza.