Kiingereza si sababu ya kumpeleka mtoto makaoni

Jumapili iliyopita nilikuwa Ziwa la Ng'ombe, Kisauni, kumwamkia mama mmoja tunayejuana tangu akiuza mahamri sokoni Kongowea. Marehemu dadake amemwachia mtoto wa kike wa miaka sita. Mama mwenyewe ana wanne, na mumewe ni mtu wa vibarua; leo kazi ipo, kesho haipo. Jirani amemletea fomu ya makao ya watoto mayatima. "Dada, huko kuna Wazungu wa kujitolea," akamwambia. "Mwaka mmoja tu, mtoto atazungumza Kiingereza kama maji." Mama akanigeukia: "Nawe wasemaje?"

Nilimweleza niliyoyaona mwenyewe katika makao ya namna hiyo, ambayo sitayataja. Niliketi nyuma ya darasa. Binti wa Kizungu, umri wake hauzidi miaka ishirini, alikuwa akiandika majina ya rangi ubaoni, na watoto wakiyaitikia kwa sauti moja. Kijana mmoja akaninong'oneza: "Hizi tushasoma. Anti aliyetangulia alitufundisha, na wa kabla yake pia."

Naam, hivyo ndivyo mambo yalivyo. Kila mgeni huanza na rangi, kisha kuhesabu, kisha wanyama, maana hajui mwenzake aliishia wapi. Anapoanza kuwajua watoto kwa majina, wiki zake tatu zimekwisha na gari la kumpeleka uwanja wa ndege wa Moi liko mlangoni. Yule binti simlaumu. Nauli ililiwa na akiba yake, na siku ya kuaga alilia kwa kwikwi. Watoto hawakulia. Walikuwa wameshazoea, na hilo lilinitia baridi zaidi ya kilio.

Si jambo geni upande huu wa maji. Mwaka 1875 wamishonari wa Kiingereza wa CMS walianzisha Frere Town, hapo karibu na Ziwa la Ng'ombe, kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, watoto wakiwamo. Ukipita Kengeleni utaikumbuka kengele yao. Lakini tofauti ni kubwa, ewe msomaji. Watoto wale walikuwa wametenganishwa na jamaa zao kwa jahazi na bahari. Huyu wa Ziwa la Ng'ombe ana mama mdogo anayemwogesha kila jioni.

Neno lenyewe yatima tumeliacha lipotee. Kwa Waislamu wa pwani, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, hata kama mama yu hai na nyumba imejaa ami na shangazi. Mgeni akilisikia neno hilo humwona mtoto asiye na mtu duniani. Shirika la Save the Children liliandika mwaka 2009 kwamba angalau watoto 4 kati ya 5 walio makaoni ulimwenguni wana mzazi mmoja au wote wawili hai. Wengi hupelekwa na umaskini, na palipo na wageni wenye mifuko, makao huwa na haja ya watoto wa kuonyeshwa. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilionya waziwazi kuhusu utalii huu wa makao ya mayatima.

Kenya nayo imebadili mwendo. Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mwaka 2022 ikatoa mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto katika familia. Sheria ya Watoto ya mwaka huo inaitambua hata kafala, ile desturi ya Kiislamu ya kumlea mtoto wa mwenzio bila kumbadilisha nasaba.

Na Kiingereza je? Mtoto wetu humwita baba kwa neno la kike la Kiingereza, kwa kuwa sisi tuna "yeye" mmoja tu na Waingereza wanao wawili. Husema "amesikia" harufu, kama tusemavyo nyumbani. Mgeni hucheka. Mwalimu wa mtaani anajua kosa limetoka wapi, hulisahihisha Januari, na Novemba yuko palepale kulisahihisha tena. Isitoshe, sheria inataka anayefundisha shule awe amesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu; wiki tatu za mapenzi mema hazitoshi. (Wapo wageni wenye ujuzi hasa, walimu na wauguzi, wanaokaa na walimu wetu na kuwaongezea maarifa. Hao waje, na chai tutawapikia.)

Basi nilimwambia mama hivi: kabla ya kutia sahihi, nenda ofisi ya watoto ya serikali, ueleze hali yako, uulize msaada wa kumlea mtoto ukiwa naye nyumbani. Waite pia ami zake kikaoni. Watatu wana kazi, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Alinisikiliza, akanimiminia chai, asiseme kitu. Nilipoondoka fomu ilikuwa bado chini ya godoro, na yule mtoto alikuwa mlangoni akiwafundisha binamu zake kuruka kamba.