Mikataba ya umeme wa gesi si siri ya vigogo

Ndugu msomaji wa Kisesa, usidhani habari za mitambo ya gesi ya Ubungo na Kinyerezi ni za watu wa Dar es Salaam peke yao. Wewe mtambo unaoujua ni ule wa mafuta wa Nyakato, njiani kwenda mjini. Lakini Gridi ya Taifa ni moja na Tanesco ni moja. Mwenye mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea na mama anayeuza barafu wote wanachangia, kila wanaponunua Luku, kulipia yale yaliyosainiwa na wakubwa milango ikiwa imefungwa.

Gesi yenyewe haina kosa. Ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaja kuendesha mitambo ya Ubungo mwaka 2004. Miaka 30! Katikati hapo, mwaka 1995, serikali ya CCM iliingia mkataba na IPTL wa mtambo wa mafuta mazito wa megawati 100 pale Tegeta. Mtambo ukaanza kazi mwaka 2002, na Tanesco ikafungwa kamba shingoni: kulipa kila mwezi, mtambo uwashwe usiwashwe.

Mwaka 2006 ukame ukakausha mabwawa, mgawo ukatutesa. Richmond wakapewa mkataba wa mitambo ya gesi ya megawati 100. Giza likaendelea. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilipofukua mambo, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu Februari 2008. Mwaka 2014 Bunge likarudi kule kule kwa IPTL, safari hii kuhoji zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotolewa katika akaunti ya Tegeta Escrow.

Mara zote hizo Bunge lilikuwa linazoa maji yaliyokwisha kumwagika.

Watakuambia hayo yamepita, sasa tuna Bwawa la Nyerere la megawati 2,115. Wasikudanganye. Bwawa linangoja mvua, na mwaka 2006 tuliona mvua ikigoma. Gesi itabaki kuwa akiba yetu, kwa hiyo mikataba itasainiwa tena.

Sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi asilia ya mwaka 2015 inaagiza mikataba ya uchimbaji itangazwe. Basi na mkataba wa kuuziana umeme utangazwe, tena kabla wino haujakauka. Anayelipa deni ana haki ya kuisoma hati yake.

Mbunge atakapokuja Kisesa kuomba kura, usikubali khanga na pilau. Muulize matatu: Uniti moja Tanesco inainunua kwa shilingi ngapi? Mtambo ukizimwa tunalipa nini? Na mwenye kampuni hasa ni nani? Akishindwa kujibu, mwache apande gari lake aende. Wewe kura yako unayo.