Wamisionari Wanapofunga Mizigo ya Kurudi Kwao

Mmisionari anapotoka kwao kwenda nchi ya mbali huagwa kwa nyimbo na sala, na habari zake huandikwa vitabuni. Anapofunga mizigo ya kurudi, waandishi huwa wachache. Hata hivyo safari hii ya pili ndiyo iliyokuwa nzito zaidi kwa jamaa nyingi za wamisionari, na sababu yake si ngumu kuielewa. Yule aliyetoka akiwa kijana alikuwa na nchi moja tu moyoni. Yule anayerudi akiwa mzee anazo mbili, wala hawezi kukaa katika zote.

Mfano ulio bora wa jambo hili ni jamaa ya Robert Moffat wa Kuruman, katika Afrika ya Kusini. Wasomaji wengi wamelisikia jina la mkwewe, Dr. David Livingstone, lakini habari za nyumba ile alimooa Livingstone hazijulikani sana.

Moffat alikuwa Mskoti, tena mtunza bustani kwa kazi yake. Alifanya kazi katika bustani ya Bwana Smith huko Dukinfield, karibu na mji wa Manchester, na huko ndiko alikompenda Mary, binti wa bwana wake. Mwaka 1816 alitumwa Afrika na Chama cha Wamisionari cha London. Wazazi wa Mary hawakukubali amfuate, na ilikuwa baada ya miaka zaidi ya miwili ndipo walipomruhusu. Mwaka 1819 binti huyo alisafiri baharini hadi Cape Town, na mwezi wa Desemba wakafunga ndoa. Wote wawili walikuwa na umri wa miaka 24.

Mwaka 1821 walifika kwa Watlhaping, kabila mojawapo la Watswana, waliokuwa chini ya Chifu Mothibi. Maisha ya miaka ile ya kwanza hayakuwa ya heshima wala ya raha. Mkulima yeyote aliyepata kugombania maji ya mfereji atayaelewa matata yao. Wamisionari walichimba mfereji mrefu kuleta maji bustanini, na wanawake wa nchi, wakiona mashamba yao wenyewe yanakauka, wakayageuza maji yale kila siku kwenda kwao. Wamisionari walipozidi kulalamika, wanawake walichukua majembe yao wakabomoa boma la maji kabisa, mto ukarudi njia yake ya zamani. Ni vigumu kusema kwamba wanawake wale walikosa haki yote. Maji yalikuwa yao kabla ya mgeni kufika. Mwaka 1824 misheni ilihamishiwa katika bonde la Kuruman, penye chemchemi kubwa isiyokauka, na ugomvi wa maji ukapungua.

Hapo Kuruman ndipo Bibi Moffat alipokuwa mwenyeji. Katika barua moja aliwaeleza watu wa kwao Uingereza kwamba sakafu za nyumba yake husiribwa kwa samadi ya ng'ombe kila juma. Mwanzoni aliona jambo hilo ni la ajabu, lakini hakukaa siku nyingi kabla ya kulifurahia, kwa kuwa samadi huzuia vumbi na huua viroboto. Mama yeyote wa bara hapa asingehitaji kufundishwa hayo. Lakini kwa binti wa bustani ya Dukinfield, kuandika hivyo ni dalili kwamba moyo wake ulikuwa umeanza kuhama.

Alizaa watoto kumi, na watatu wao walikufa wangali wadogo. Mabinti wawili wakubwa, Mary na Ann, iliwapasa kupelekwa shuleni Salem, karibu na Grahamstown, safari ya majuma mengi kwa gari la ng'ombe. Shida hii ya elimu ya watoto iliziumiza nyumba za wamisionari kila mahali. Huko Uingereza shule ya binti za wamisionari ilifunguliwa Walthamstow mwaka 1838, na ya wana wao mwaka 1842, na watoto wengi walikaa humo miaka mingi pasipo kuwaona wazazi wao. Katika Kenya, Wamarekani wa Africa Inland Mission walianza shule ya watoto wao Kijabe mwaka 1906, ili mtoto asilazimike kuvuka bahari. Walifanya hivyo kwa kuwa waliokwisha tangulia walikuwa wamelipa gharama kubwa.

Jamaa ya Moffat ilirudi Uingereza mara moja kwa likizo, mwaka 1839, nayo safari hiyo ilikuwa ya huzuni. Robert alitaka kupiga chapa Agano Jipya alilolitafsiri katika lugha ya Kitswana, na huko Cape Town hapakuwa na mtambo wa kuiweza kazi hiyo. Basi walipanda meli. Merikebu ilipokuwa ingali katika ghuba ya Cape Town, Bibi Moffat alijifungua binti, aliyeitwa Elizabeth. Na siku chache baadaye mtoto wao James, aliyekuwa na umri wa miaka sita, alikufa baharini. Agano Jipya lilitoka mwaka 1840. Wakaa Uingereza hadi mwaka 1843, mume akihutubia mikutano mikubwa mji baada ya mji, kisha wakarudi Kuruman.

Kwa watu wengi waliowasikiliza, Uingereza ndiko kulikokuwa kwao. Lakini je, kwa watoto? Binti yao Mary alizaliwa Afrika mwaka 1821, akakulia huko. Mwaka 1845 aliolewa na Livingstone. Mwezi wa Aprili 1852, mumewe alipokusudia kwenda mbali ndani ya nchi, alimpandisha melini Cape Town pamoja na watoto wanne, waende Uingereza, “nyumbani”. Neno hilo lilikuwa la karatasini tu. Mama huyo hakuwa na nyumba Uingereza, na Waskoti wa upande wa mumewe hakupatana nao. Alihamahama kutoka chumba cha kupanga hadi kingine, kwa fedha zisizotosha, kwa muda wa miaka minne na zaidi, hata Livingstone aliporudi Desemba 1856 akiwa mtu mashuhuri. Livingstone mwenyewe aliona kidogo ugeni huo: alipopanda manowari ya Kiingereza mwaka ule, aliona maneno ya lugha ya mama yake hayamjii. Lakini yeye alipokelewa kwa shangwe, na mgeni anayeshangiliwa hausikii ugeni kwa muda mrefu.

Bibi Livingstone alikufa kwa homa huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, tarehe 27 Aprili 1862. Mwanawe mkubwa, Robert, hakupata mahali pa kutulia. Alikwenda Marekani, akajiandikisha askari kwa jina lisilo lake, akafa mateka mwaka 1864 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vitabu vya zamani vilivyomsifu baba yake vililipita jambo hili haraka. Si haki kuvilaumu kwa kila kitu, lakini katika hesabu ya kazi ya misheni jina la kijana huyu nalo lilistahili kuandikwa.

Sasa turudi kwa wazee wa Kuruman. Robert Moffat alimaliza kutafsiri Biblia nzima mwaka 1857, ikapigwa chapa papo hapo Kuruman kwa mtambo aliouleta kwa gari la ng'ombe mwaka 1831. Kisha misiba ikafuatana. Mwaka 1862 walifiwa na binti yao Mary na mwana wao Robert. Mwaka 1866 mkwe wao Jean Fredoux, mmisionari Mfaransa, aliuawa, na binti yao Ann akabaki mjane mwenye watoto. Nguvu za wazee zilikuwa zimepungua, na ikawa hapana budi kuondoka.

Hebu msomaji afikiri ni matengenezo gani wawezayo kuyafanya watu wa umri ule. Nyumba ya misheni haikuwa mali yao, hata wapate kuiuza. Miti ya matunda waliyoipanda haifungwi sandukuni. Wazazi wa Mary kule Dukinfield walikuwa wamekufa zamani. Mwana wao John alikuwa Kuruman akiendelea na kazi, naye alibaki. Elizabeth, yule aliyezaliwa melini, alikuwa ameolewa na mmisionari Roger Price, naye pia alibaki katika nchi ya Watswana. (Huyu Price ndiye aliyefika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1876, akajaribu kusafiri kwa ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa.) Basi kurudi kwao kulikuwa na maana ya kuwaacha watoto, wajukuu na makaburi, na kwenda mahali ambapo wangojeaji walikuwa wakuu wa Chama na watu waliosoma habari zao magazetini.

Jumapili ya tarehe 20 Machi 1870 mzee alihubiri katika kanisa la Kuruman kwa mara ya mwisho. Ijumaa iliyofuata gari lilitandikwa. Watu waliokuwa wamefika tangu siku za nyuma kuaga walijipanga, kila mmoja akitaka kushika mkono wa wazee hawa mara moja tena. Gari lilipoanza kwenda, kilio kirefu kilisikika. Katika umati ule walikuwamo watu waliozeeka pamoja na Bibi Moffat, na ambao kwa muda wa miaka hamsini walikuwa majirani zake kuliko ndugu zake wa damu.

Walitua Uingereza mwezi wa Julai. Katika miaka 27 tangu likizo yao, London ilikuwa imekuwa mji mwingine; treni zilikuwa zikipita chini ya ardhi tangu mwaka 1863. Baridi ya kwanza ilimshinda Bibi Moffat. Mwezi wa Januari 1871, kabla hajatimiza miezi sita katika nchi aliyozaliwa, alikufa Brixton, akiwa na umri wa miaka 75. Mumewe alilia kwamba kwa miaka 53 alikuwa na mtu wa kumwombea, na sasa hana.

Yeye aliishi miaka kumi na miwili zaidi. Heshima hakuikosa: Chuo Kikuu cha Edinburgh kilimpa shahada, na mwaka 1873 rafiki zake walimchangia fedha zaidi ya pauni 5,000, hata akawa na matumizi ya uzeeni. Tarehe 18 Aprili 1874 alisimama katika kanisa la Westminster mkwewe Livingstone alipozikwa. Aliendelea kuisahihisha Biblia ya Kitswana, mezani kwake, mbali na watu wa kuizungumza lugha hiyo.

Alikufa tarehe 9 Agosti 1883 huko Leigh, katika jimbo la Kent, akazikwa Norwood kando ya mkewe. Watoto wao walikuwa wamelala Kuruman, Shupanga na chini ya bahari. Na huko Bechuana, Elizabeth alikuwa akiwalea wanawe, ambao baadhi yao nao iliwapasa kupelekwa mbali kwenda kusoma.