Nani Aliyekufundisha?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi tangu nilipojenga tanuri la kuyeyushia kioo nyuma ya nyumba yangu hapa Uru, kati ya migomba, mahali palipokuwa banda la ng'ombe. Wakulima wenzangu hawaniulizi hivyo. Wao huuliza kama vyombo vyangu vitapata mnunuzi, na kama moshi wangu hautadhuru kahawa yao. Nayo ni maswali ya haki. Wanaoniuliza, "Nani aliyekufundisha?" ni wasomi, na swali lao si swali bali ni hukumu. Maana yake ni kwamba jambo ambalo mtu hakulisomea darasani, akalitunukiwa cheti, hana ruhusa ya kulijua. Mmoja wao alipita mpaka huo. Alisema mbele ya wanafunzi wetu kuwa kazi ya kioo haiwezi kufundishwa kwa Kiswahili hata kidogo, kwa sababu lugha yetu haina maneno yake. Nimekusudia kumjibu, wala sitamjibu kwa upole mwingi.

Nakiri kwanza lililo kweli. Sikufundishwa, na mwaka wangu wa kwanza haukubakiza chombo hata kimoja. Nilikusanya chupa za mvinyo na za pombe kali kutoka Moshi mjini, za kijani na nyeupe, nikaziyeyusha bila kuuliza zimezaliwa kiwanda gani. Vyombo vilitoka vizuri. Kulipokucha nilivikuta vimepasuka palepale rangi zilipokutana. Miezi ilipita kabla sijafahamu kwamba kioo cha kiwanda hiki na cha kile havinywei kwa kipimo kimoja vinapopoa. Tena nilijifunza tabia ya kioo cha chupa. Kimetengenezwa kwa ajili ya mashine, nacho hukakamaa upesi mno. Mpulizaji ana nafasi ya pumzi mbili tatu, kisha hana budi kukirudisha motoni. Hapo bado sijataja baridi ya Uru mwezi wa Julai, wakati upepo ushukao mlimani unapoweza kuvunja chombo katika hatua nne za kutoka tanuri moja kwenda la pili.

Tanuri hilo la pili ndilo lililomshinda mwenzangu kulitajia jina, basi nalieleza. Kioo cha chupa huchoteka kwa bomba kikifika karibu na nyuzi 1,100 za sentigredi. Kikisha kupulizwa, ngozi yake hupoa kabla ya nyama yake, na mvutano unaobaki ndani hukipasua, ikiwa si leo basi mwezi ujao. Dawa yake ni kukiweka mahali penye nyuzi kama 550, na kushusha joto taratibu usiku kucha. Wapo vijana wawili wa jirani wanaonisaidia, ambao elimu yao ilikoma kidato cha nne. Hao hawakungoja baraza lolote liwaundie neno. Tangu juma la kwanza walisema kulaza. "Mwalimu, leo tumelaza saba." Chombo kilichopasuka usiku husemwa hakikulala, na kile kinachokaa rafuni siku kumi kikalia ghafula bila kuguswa, husemwa kimeamka. Kuchota walikutwaa mfongoni, kuviringisha wakakutwaa jikoni, koleo na mvukuto walivikuta kwa wahunzi. Oili chafu tunayoichoma waliipata gereji pamoja na jina lake. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na nimehudhuria mikutano kadha wa kadha ya istilahi, lakini sijapata kuona maneno yakizaliwa kwa wepesi na usahihi kama huo. Yamkini sababu ni kwamba katika mikutano yetu hakuna anayeungua vidole.

Ajabu ni kwamba swali la cheti linaulizwa kwenye mlima huu. Waliochimba mifongo yetu, wakayaongoza maji kutoka makorongoni hadi vihambani, walisomea uhandisi wapi? Wahunzi wa Mamba, upande wa mashariki, walifua mikuki na majembe kwa chuma kilichotoka Ugweno, katika nchi ya Upare, na kipimajoto chao kilikuwa jicho. Mhunzi mzee wa huko alinitembelea. Hakuwa amepata kuona kioo kikipulizwa maisha yake. Alichungulia mlango wa tanuri, akaniambia, "Mwanangu, hiyo bado rangi ya papai. Ngoja iwe ya ndizi mbivu." Nilingoja, na kioo kilichoteka kama asali. Sasa nauliza: siku hiyo nilijifunza mwenyewe, au nilifundishwa?

Mwenzangu atasema kuwa huo ni ushamba, na kwamba ulaya mambo hayaendi hivyo. Basi na aangalie Marekani. Hadi katikati ya karne iliyopita kupuliza kioo huko kulikuwa kazi ya viwanda. Mwaka 1962 Harvey Littleton, mwalimu wa ufinyanzi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alijenga tanuri dogo katika uwanja wa jumba la makumbusho la sanaa mjini Toledo, Ohio, apate kuthibitisha kuwa mtu mmoja aweza kuifanya kazi hiyo katika karakana yake. Kioo chake cha kwanza kilikataa kufanya kazi. Dominick Labino, mtaalamu wa viwanda vya kioo, ndiye aliyeleta gololi za kioo zilizoyeyuka vyema. Na mpulizaji mstaafu, Harvey Leafgreen, ndiye aliyewaonyesha jinsi ya kushika bomba. Chuo kikuu kilikaa chini ya mzee wa kiwandani, wala hakikuona haya. Na Afrika haikungoja Toledo. Mafundi wa Bida, katika nchi ya Wanupe wa Nigeria, waliyeyusha chupa kuukuu katika tanuri la udongo lenye mivukuto, wakatengeneza bangili na shanga, na kazi yao walirithishana ndani ya chama chao bila mtihani wa kuandika.

Sisemi kila mtu awashe moto nyuma ya nyumba yake. Tanuri la makaa ya miti kwenye mlima huu lingekuwa dhambi, ndiyo sababu nachoma oili chafu, nayo yahitaji pepo nyingi za feni ili isitoe moshi mweusi. Vumbi la kioo kilichosagwa ni adui wa mapafu. Na mwenye nauli ni heri aende kwanza Arusha, kwenye karakana ya Shanga, ambako watu wenye ulemavu hugeuza chupa zilizotumika kuwa bilauri na shanga. Au Kitengela, kusini mwa Nairobi, ambako akina Croze wamefanya kazi ya kioo kwa miaka mingi. Mimi nilikwenda nimechelewa, nikarudi na aibu, maana makosa yangu matatu ningaliyaepuka kwa kutazama nusu saa.

Aibu hiyo naikubali kwa mpuliza kioo. Kwa msomi ambaye hajapata kushika bomba, siikubali. Tanuri letu huwashwa Ijumaa jioni na kioo huwa tayari Jumamosi saa nne asubuhi. Mwenzangu anakaribishwa, aje na daftari na viatu vya ngozi. Jumamosi iliyopita tulilaza kumi na kimoja, vinne havikulala.