ADUI ASIYE NA MLIO

Ndugu zetu wa jeshi na polisi wamezoea kumtambua adui kwa nyayo zake au kwa mlio wa silaha yake. Leo twataka kumzungumzia adui asiye na nyayo wala mlio, naye ni ugonjwa wa shinikizo la damu, ambao wengi huuita presha.

Mnamo Aprili 12, 1945, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, amiri jeshi mkuu wa mamilioni ya askari, alifariki ghafula kwa kuvuja damu ubongoni, wiki chache tu kabla ya Ujerumani kusalimu amri. Daktari wake aliijua presha ile tangu mwaka 1944, lakini vidonge vya kuituliza vyema havikuwapo wakati huo.

Leo vidonge hivyo vipo, na vingi si ghali. Mbona basi watu wangali wakianguka? Uchunguzi uliofanywa nchini Uganda mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na presha. Miongoni mwao, hata mmoja kwa kila kumi hakujua kwamba anayo. Ni dhahiri kwamba kasoro kubwa haimo katika dawa, bali katika kutopimwa.

Kambini kasoro hiyo ina sababu zake. Askari huona kwamba mwenye misuli na pumzi hawezi kuwa mgonjwa. Mwingine huhofia kwamba akigunduliwa atapoteza cheo au kazi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Kiharusi hakiulizi cheo.

Kuna na wale waliokwisha pimwa, wakapewa vidonge, kisha wakaviacha walipojiona wazima. Hao wanakosea sana. Dawa huituliza presha. Kwa walio wengi haiiondoi kabisa. Ikiachwa, presha hupanda tena, ikiharibu moyo, figo na ubongo kimya kimya. Askari haondoki lindoni kwa sababu usiku umekuwa shwari, hungoja apokewe. Vivyo hivyo, asiache dawa mpaka daktari aamuru.

Kipimo kichukuliwe mtu akiwa ameketi na kutulia kwa dakika 5, na kirudiwe siku nyingine. Kikizidi kufika 140 kwa 90, hana budi kumwona daktari. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vya kopo. Sigara iachwe, na pombe ipunguzwe.

Kwa makamanda twasema: bunduki hukaguliwa kila mara ijapokuwa haijaharibika. Mwenye kuishika naye akaguliwe, na atakayekutwa na presha atibiwe bila kudharauliwa. Askari anayetibiwa vyema aweza kulitumikia taifa lake miaka mingi. Anayeficha huenda asiimalize zamu yake.