Mpishi Naye Atazame

Zamani mjini Mombasa, waliotoka kutazama sinema ya Kihindi pale Naaz au Regal walipitia kwa muuza mishkaki na viazi karai kabla ya kurejea majumbani. Leo sinema imo sebuleni, na vyakula hivyo twavipika wenyewe. Ni jambo jema, ila lina dosari moja: jamaa wote wameketi wakitazama, naye mama yuko jikoni peke yake, mbele ya karai la mafuta, akisikia vicheko tu.

Dawa yake si ngumu. Nyama itiwe tangawizi, thomu na papai bichi tangu mchana. Viazi vichemshwe mapema, na ukwaju wa kuchovya uwe tayari. Vijana wa kiume nao washike vipepeo, wachome mishkaki. Baada ya sala ya Isha sinia liwekwe mkekani, ndipo filamu ianze. “Sholay” ya mwaka 1975 yapita saa tatu. Hakuna haja ya pupa.

Ndugu wasomaji, starehe ya nyumba ni ya wote. Aliyepika asihadithiwe sinema iliyoonyeshwa nyumbani mwake.