Budokai ya pili isiachwe nyuma

Wachezaji wawili wamekaa sakafuni, macho kwenye runinga. Mmoja anamwongoza Goku, shujaa wa Dragon Ball, mwenzake Vegeta, mpinzani wake. Goku anavuta viganja nyuma, ubavuni, mwanga wa buluu unajaa kati ya mikono. Vegeta naye hangoji. Miale miwili inagongana katikati ya skrini, na kuanzia hapo kukariri vitufe hakusaidii tena. Kila mmoja anazungusha vijiti vya padi kwa nguvu zake zote. Anayelegea kwanza anafunikwa na mwale wa mwenzake. Huo ndio Dragon Ball Z: Budokai 3, mchezo wa PlayStation 2 uliotoka mwaka 2004, na waliowahi kuucheza wanaukumbuka kwa malengelenge ya viganja.

Budokai ina sehemu tatu, za mwaka 2002, 2003 na 2004. Mwaka 2012, Bandai Namco ilipoitoa upya kwa PlayStation 3 na Xbox 360, iliweka ya kwanza na ya tatu. Ya pili ikaachwa nje, na muziki wa asili nao ukaondolewa. Lilikuwa kosa, na linarekebishika.

Ili kuona uzito wa kosa hilo, inafaa kujua kazi hii ilitoka mikononi mwa nani. Hadithi ni ya Akira Toriyama, aliyeanza kuchora Dragon Ball katika jarida la Weekly Shonen Jump mwaka 1984 na kuimaliza mwaka 1995, ikiwa na sura 519. Katuni ya Dragon Ball Z ilirushwa Japani tangu 1989 hadi 1996. Mchezo wenyewe ulitengenezwa na Dimps, kampuni ya Osaka iliyoanzishwa mwaka 2000 na Takashi Nishiyama, mtu yule yule aliyeongoza Street Fighter ya kwanza mwaka 1987 na baadaye akahamia kampuni ya SNK kuunda Fatal Fury. Michezo ya kupigana aliijua kuanzia kwenye msingi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: Budokai ya kwanza ilifika Ulaya na Marekani mwishoni mwa 2002, ndipo Japani ikaipata Februari 2003. Kwa Wajapani katuni hiyo ilikuwa imekwisha miaka mingi nyuma. Kwa watoto wa Marekani ilikuwa ndiyo kwanza inakaribia kilele. Sehemu za Buu, adui wa mwisho wa katuni, zilikuwa bado zinaonyeshwa. Hata jina Budokai, lenye maana ya mkutano wa sanaa za mapigano, lilikuwa la soko la nje. Japani mchezo huo uliitwa Dragon Ball Z tu.

Mkono wa mafundi ulionekana kwenye mambo madogo. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa kwa kuiga utangulizi wa katuni, picha kwa picha. Kila mpiganaji alikuwa na nafasi saba za kujazwa vidonge, vile vile vya kampuni ya baba yake Bulma, rafiki wa Goku katika hadithi, na ndani ya kila kidonge kulikuwa na pigo, ulinzi au mabadiliko ya mwili. Vidonge vilinunuliwa kwa zeni, fedha ya ulimwengu wa Toriyama. Ukitaka Goku ageuke Super Saiyan, umbo lake lenye nguvu zaidi, ulilazimika kutoa nafasi ya kidonge kingine. Mchezaji alikuwa anapika mpiganaji wake mwenyewe kabla hata kengele haijalia.

Na walithubutu kuichezea hadithi. Katika kisa kimoja cha sehemu ya kwanza, Cell, adui anayeongeza nguvu kwa kumeza wengine, anakusudia kummeza Android 18 ili akamilike, anakosea na kummeza Krillin, rafiki wa Goku. Badala ya kukamilika, anadhoofika kiasi kwamba hata Yamcha na Tien, wapiganaji wasio na nguvu nyingi, wanamtia adabu, kisha inabainika kuwa ilikuwa ndoto mbaya. Mtu asiyeipenda Dragon Ball hawezi kutunga kisa kama hicho.

Sehemu ya pili ndiyo iliyokwenda mbali zaidi kwa uthubutu huo, na ndiyo sababu kuachwa kwake kunauma. Hadithi yake inachezwa kwenye ubao, kwa zamu, wahusika wakisogezwa kama kete. Wengi waliilalamikia wakati ule, na kweli ubao huo unachosha. Lakini humo ndimo walimozaliwa Tiencha, muungano wa Tien na Yamcha, na Gokule, muungano wa Goku na Hercule mwenye majigambo. Humo pia ndimo sura za wahusika zilimoanza kupakwa rangi kwa mtindo unaofanana na katuni iliyochorwa kwa mkono, mtindo uliokuja kung'ara katika sehemu ya tatu. Anayeruka kutoka ya kwanza hadi ya tatu anaona mabadiliko makubwa bila kuona daraja lililoyaleta.

Kuhusu muziki, sababu inafahamika. Mtunzi wake alikuwa Kenji Yamamoto. Mwaka 2011 Toei Animation, watengenezaji wa katuni hizo, ilitangaza kwamba baadhi ya tungo zake huenda zilikiuka haki za watu wengine, na muziki wake ukaondolewa katika katuni ya Dragon Ball Kai. Haki ya mtunzi aliyeibiwa ni haki, na hakuna shabiki anayepaswa kuipinga kwa kuwa tu wimbo ulimkolea utotoni. Ila sababu hiyo haielezi kukosekana kwa sehemu ya pili. Ya kwanza na ya tatu zilibadilishiwa muziki na bado zikatoka.

Wapo watakaosema haja ya kuirudisha Budokai imekwisha kutimizwa. Oktoba 2024 ilitoka Dragon Ball: Sparking! Zero, mchezo wa mfululizo wa Tenkaichi, miaka 17 baada ya Budokai Tenkaichi 3, ikiwa na wapiganaji 182 ukihesabu na maumbo yao, na nakala milioni 3 zikaisha ndani ya saa 24. Ni mchezo mzuri. Lakini Tenkaichi ni ukoo mwingine, wa kampuni ya Spike: kamera inakaa mgongoni mwa mpiganaji na uwanja ni mpana wa kuruka huku na huku. Budokai inatazamwa kwa ubavu, ana kwa ana. Katika sehemu ya tatu, mshambuliaji anapoanzisha Dragon Rush, kila upande unachagua kitufe kwa siri. Mlinzi akibahatisha kile kile, shambulio limekufa. Ni kusomana mawazo, na wapiganaji 182 hawawezi kuziba pengo hilo.

Toriyama alifariki tarehe 1 Machi 2024, akiwa na miaka 68. Tangu hapo kila kitu chenye jina lake kinanunuliwa kwa hamu, na Bandai Namco inalijua hilo kuliko yeyote. Basi itoe Budokai kwa mashine za leo, sehemu zote tatu, pamoja na Tiencha, Gokule na ule ubao wao. Muziki wa zamani ukishindikana kisheria, liandikwe hilo waziwazi kwenye jalada ili mnunuzi ajue anachokipata.